Chungu Kimoja, Futi Moja: Tulivyopunguza Mwili Mimi na Mume Wangu



Bi harusi akija kwangu kupimwa nguo, huwa namwachia inchi mbili ndani ya mishono. Yeye ananiambia nibane, nami namjibu sawa, lakini zile inchi nazihifadhi palepale. Ndoa ina chakula chake. Fungate peke yake ni mandazi asubuhi, wali mchana, kuku usiku, na bi harusi hanyanyui hata sufuria. Baada ya hapo kuna mialiko ya mawifi, mashangazi na majirani, na kila mlango wanaoingia kuna sinia. Ikifika Sikukuu ananirudishia nguo niiachie, na kanzu ya bwana harusi imo kwenye mfuko huohuo.

Kwetu hili si aibu, ni sifa. Mwanamume akitoka kitambi miezi sita baada ya ndoa, watu wanasema amenawiri, mke anajua kupika. Akikonda, macho yote yanamgeukia mke: humo ndani kuna nini? Kwa hiyo mke wa Kizanzibari anakiangalia kitambi cha mumewe kama cheti chake. Nami cheti changu kilikuwa kikubwa, maana kanzu za mume wangu nilikuwa nimeshaziachia mara mbili.

Mwaka jana alikwenda kupima afya kwa sababu ya kuumwa kichwa. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 6.6. Daktari akamfahamisha kwamba kipimo hicho kikifika 7 unaitwa mgonjwa wa kisukari, na kuanzia 6.1 umo njiani. Kilo zake 94. Alirudi nyumbani, akala, akaswali Isha, ndipo akaniambia. Baba yake, Allah amrehemu, alianza na kidonda kidogo cha kidole gumba cha mguu, akaishia kukatwa mguu chini ya goti. Na aliyekuwa akimfungua bandeji kila asubuhi ni huyu huyu mwanawe. Kwa hiyo usiku ule hatukuwa na haja ya kuelezana mengi.

Jambo tuliloamua kwanza ni kwamba chungu kitabaki kimoja. Nina shoga yangu alimpikia mumewe chakula cha peke yake, kabichi la kuchemsha na samaki asiye na chumvi, huku yeye na watoto wakila pilau upande wa pili wa mkeka. Yule bwana akawa mgonjwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baada ya wiki tatu akawa anapita kwa mama yake kila jioni kabla ya kurudi kwake. Mume wangu alinionya mapema: "Mke wangu, ukinipa majani, nahamia kwa mama." Alikuwa anacheka, lakini nilijua nusu yake ni kweli. Na mimi mwenyewe sikuwa mwembamba, nilikuwa na kilo 83. Hapakuwa na mgonjwa na muuguzi, tulikuwa wawili wenye kazi moja.

Mizani hatukuifanya hakimu. Mizani leo inakupandisha, kesho inakushusha, ukila chumvi nyingi au ukiwa kwenye siku zako inakudanganya. Tukatumia futi yangu ya kushonea. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kabla ya kifungua kinywa, ananipima nami nampima. Futi inapita katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, unatoa pumzi, hujivuti. (Wanaume wanavuta tumbo ndani, nawajua, nimewapima wengi kanzu.) Kiuno cha mwanamume kikizidi sentimita 102, na cha mwanamke 88, hatari ya maradhi ya moyo na sukari inakuwa kubwa. Yeye alikuwa na 108, mimi 97. Tuliandika nyuma ya daftari langu la wateja, hakuna mwengine anayeliona.

Sasa tuingie jikoni, maana najua ndiko mnakokusubiri.

Sikuacha nazi. Atakayekuambia uache nazi Unguja mwambie akuonyeshe yeye anakula nini. Lakini nazi ni mafuta, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati gramu moja ya wanga au sukari ina 4. Nilikuwa nakuna nazi mbili kwa mchuzi na moja kwa wali. Sasa nakuna moja kwa siku nzima. Tui jepesi ndilo linalopikia wali, pamoja na hiliki mbili tatu na chumvi. Tui zito natoa vijiko vichache tu, natia kwenye mchuzi mwishoni kabisa, moto ukiwa mdogo, nikoroge mara moja niipue. Ulimi unakutana na nazi pale juu, kwenye tonge la kwanza, na hauulizi chini kuna nini. Samaki wa kupaka ndiye rahisi kuliko wote: changu anachomwa kwanza na ndimu, thomu na pilipili, tui zito analipakwa tu juu. Hakuna mafuta ya kukaanga hapo.

Siku nyingine ni chukuchuku. Samaki, tungule, kitunguu, ndimu nyingi na pilipili mbichi. Bibi zetu walikipika chakula hiki kabla hatujasikia neno dayati, na mume wangu anakipenda kuliko biriani, ila alikuwa anaona haya kukiomba kwa sababu ni chakula cha siku za shida.

Wali ndio uliokuwa na kazi. Sisi ni wanne, na nilikuwa napika kilo moja ya mchele mchana, unaobaki tunakula usiku na mchuzi uliolala. Sasa ni nusu kilo, na usiku hakuna wali. Usiku ni mtindi na matunda, au choroko na kipande cha samaki, au muhogo wa kuchemsha kidogo na mchicha. Mkate wa kusukuma siku mbili kwa wiki, mmoja kwa mtu mzima, hausukumwi wa pili. Watoto wanakula zaidi yetu wakitaka, wao wanakua.

Sinia lilituletea maneno. Kula pamoja kwenye sinia kuna baraka na sikutaka kuliondoa, lakini kwenye sinia hujui umekula kiasi gani. Mkono unakwenda kwa sababu mkono wa mwenzio unakwenda. Tulichofanya ni kupanga sinia kabla ya kukaa: nusu yake mboga na kachumbari, robo samaki au kuku, robo wali. Likimalizika limemalizika, sufuria inabaki jikoni, haiji mkekani. Wiki mbili za mwanzo mume wangu alikuwa anaangalia mlango wa jiko kama anayemsubiri mgeni.

Na chai. Hapa nitakaa kidogo, maana watu wanahangaika na wali, kumbe sukari inaingia kwa kikombe. Yeye alikuwa anatia vijiko vitatu, vikombe vitatu kwa siku. Vijiko tisa ni kama gramu 36, na kwa mwezi ni zaidi ya kilo moja ya sukari kwa mtu mmoja, kwenye chai tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na bora zaidi awe chini ya 25. Soda moja ya mililita 350 peke yake inakaribia vijiko tisa vingine. Tulipunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, na nikaongeza tangawizi, mdalasini na mchaichai. Leo tuko kwenye nusu kijiko. Akinywa chai ya mtu mwengine anasema ni halua.

Mafunzo ya dini yetu katika jambo hili sote tumeyasikia darsani. Kula na kunywa tumeruhusiwa na israfu tumekatazwa, imo katika Surat Al-A'raf, aya ya 31. Na hadithi ya theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi tunaijua tangu chuoni, ila tunaikumbuka tumeshavimbiwa. Mimi lakini ninayoipenda ni ile ya Bi Aisha (r.a.), iliyomo katika Sunan Abi Daud. Alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) wakiwa safarini, akamshinda. Baadaye alipojaa mwili wakashindana tena, safari hii Mtume akashinda, akamtania kwamba hii ni ya kulipia ile. Angalieni adabu yake. Mke amenenepa, na mume hakumsema, hakumlinganisha na mwengine. Alikimbia naye. Nina wateja wanaolia mbele ya kioo changu kwa sababu ya neno moja la waume zao, na futi yangu haiwezi kuwatibu.

Basi na sisi tukatoka. Baada ya Alfajiri tunatembea hadi Maisara na kurudi, mimi na baibui langu na raba, yeye na msuli wake ameshabadilisha suruali. Dakika arubaini. Mwanzo tulikuwa tunazungumza madeni na ada za skuli, sasa tunazungumza mengine. Mambo ya ndani siyaandiki hapa, ila kukoroma kumeisha, na mwenye kulala na mkoromaji anajua hiyo ni neema gani.

Jumatatu na Alkhamis tunafunga tukijaaliwa. Nia ni ibada, mwili ukipungua ni ziada, na futari ya siku hizo ni chakula cha kawaida: tende, maji, uji, kisha Magharibi, ndipo tule. Sambusa, katlesi na bajia nimezipa siku moja kwa wiki, hata Ramadhani. Na tafadhali, mwenye kutumia dawa za sukari amuone daktari kabla ya kufunga au kupunguza chakula, kwani sukari inaweza kushuka ghafla ikamwangusha. Mjamzito na anayenyonyesha mambo haya si yao sasa.

Maharusi wangu mnaokuja na wiki nne mkononi mkitaka kupungua kilo kumi: sanamaki na hizo chai za kuharisha zinatoa maji na choo, mafuta yako palepale. Nguo nitakushonea ya mwili ulio nao, na utapendeza.

Mama mkwe alikuja mwezi wa nne. Alimtazama mwanawe, akaniita jikoni, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mna shida? Mbona kakonda hivi?" Sikujibu mimi. Mume wangu alikuja mwenyewe, akakaa chini miguuni pake, akamwambia, "Mama, sitaki unifunge bandeji." Bibi wa watu alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniomba nimpakulie, akala, akauliza wali huu nazi yake imekwenda wapi, mbona tamu. Tangu siku hiyo akituletea visheti analeta kibakuli, haleti ndoo.

Sasa ni miezi tisa. Yeye ana kilo 85 na kiuno 98, mimi 76 na kiuno 88. Sukari yake ya asubuhi mara ya mwisho ilikuwa 5.6, na daktari amesema arudi baada ya miezi mitatu. Kuna miezi miwili futi haikusogea kabisa, mmoja ukiwa wa harusi ya wifi yangu, siku nne mfululizo za pilau. Hatukugombana. Tulirudi Maisara Jumatatu.

Kanzu zake nimezibana. Ile ya Idi nimemwachia inchi moja tu ndani.

Ijumaa ni siku ya mmoja wetu kuchagua chakula, na wiki hii ni zamu yake. Kachagua biriani. Nimemwambia kuku nitamchuna ngozi, vitunguu vitakaangwa kwa mafuta ya vijiko vitatu, na sinia ni lilelile. Amekubali, ila ameuliza mara mbili kama ndimu ya kutia juu ipo.