Fuwele na Mahali Pake

Taifa huhifadhi utamaduni wake kwa njia nyingi. Ngoma huchezwa, hadithi husimuliwa, majina ya mababu hutajwa. Lakini mawe ya nchi yetu, ni nani ayahesabuye kuwa sehemu ya utamaduni? Mimi nayahesabu, na sababu zangu nitazieleza.

Kwa miaka mingi nimeokota fuwele katika wilaya za Ngara na Biharamulo. Fuwele ni jiwe lililojijenga lenyewe kwa pande zilizonyooka, pasipo mkono wa fundi. Zangu zilizo nyingi ni za kwatsi, lile jiwe jeupe lipitalo katika miamba mithili ya mishipa mwilini. Ni jiwe gumu, hata hukwaruza kioo. Huko Biharamulo mishipa ya namna hiyo hubeba dhahabu, na mgodi wa Tulawaka ulianza kuitoa mwaka 2005.

Wagiriki wa kale walidhani kwatsi angavu ni barafu iliyoganda isiweze kuyeyuka tena. Mwaka 1669 Nicolaus Steno, mzaliwa wa Denmark, alionyesha kwamba pembe zilizo kati ya pande zake sita hazibadiliki, fuwele iwe kubwa au ndogo. Leo twajua kuwa maji ya moto hupenya katika nyufa za miamba yakiwa yamebeba chembe; yapoapo, chembe hizo hujipanga moja juu ya nyingine. Haba na haba hujaza kibaba: sijaona mfano wa methali hii ulio bora kuliko fuwele.

Nina moja niipendayo kuliko zote: fuwele mbili zilizoota katika shina moja. Nilipomwonyesha bibi mmoja wa Ngara, aliipokea kwa mikono miwili akasema, "Hawa ni mapacha." Katika nchi za Maziwa Makuu kuzaliwa kwa mapacha kulikuwa na miiko na sherehe zake, na bibi yule alikaa akanieleza alizozishuhudia ujanani mwake. Kijana aliyesimama karibu aliuliza jambo moja tu: "Itauzwa shilingi ngapi?" Sikumlaumu, kwani njaa haina miiko. Hata hivyo niliona kwamba jiwe moja lilikuwa na lugha mbili, na ile ya bibi ndiyo iliyokuwa karibu kunyamaza.

Maana haimo ndani ya jiwe. Jiwe haliponyi maradhi wala halileti utajiri kwa kuwekwa chini ya mto. Anayesema hivyo anatafuta fedha za watu. Maana tumeitia sisi, na kwa sababu hiyo hupotea pale wenye kuijua wanapotutoka.

Basi, walimu wenzangu, kila shule na iwe na sanduku la mawe. Wanafunzi wayaokote kandokando ya barabara na katika vijito baada ya mvua, wala wasiingie mashimoni mwa wachimbaji. Wakumbuke pia kuwa kwa sheria ya mwaka 2010 madini ni mali ya Jamhuri. Wanakusanya kwa ajili ya kujifunza, si kwa ajili ya kuuza. Kila jiwe liwekewe karatasi yenye jina la kijiji, kilima na tarehe, kisha maelezo ya kisayansi, na chini yake maneno ya wazee kama walivyoyatamka. Tuanze na wazee, maana mawe yanaweza kutungoja.