Injini Mpya katika Gari Dogo

Yapo magari yanayonunuliwa kwa ajili ya kazi, na yapo yanayonunuliwa kwa kuwa moyo umependa. Gari dogo la viti viwili ni la aina hiyo ya pili. Halibebi mkungu wa matoke, wala halipeleki watoto watano shuleni. Akina mama wakiliona huuliza papo hapo mizigo itawekwa wapi. Hata hivyo halikosi wapenzi, na wengi wao ni vijana ambao hawajapata kufungua injini hata siku moja.

Konstebo mmoja wa kambi ya polisi mjini Kampala alijipatia gari la namna hiyo kutoka kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao. Ni Mazda MX-5, ambayo huko kwao Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster: injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, paa ni la turubai, na uzito wake haufiki tani moja. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Chicago mwaka 1989, likafufua aina ya magari ambayo Waingereza walikuwa karibu wameyaacha. La konstebo ni la miaka ile ya mwanzo, lenye injini ya sentimita za ujazo 1,597. Yeye mwenyewe alikuwa hodari wa kuendesha, lakini ufundi wake ulikomea kwenye kubadilisha gurudumu na kumwaga oili.

Haikuchukua miezi mingi akaona kwamba gari halina nguvu aliyoitarajia. Mlimani lilipanda kwa kulalamika, na matatu ya abiria yalimpita bila taabu. Rafiki yake akamwambia kwamba Kisekka, kwenye soko la spea, ipo injini ya Mazda ya sentimita 1,839 iliyotolewa kwenye Familia. Kampuni ni ile ile, ukoo wa injini ni ule ule. Itatolewa hii, itaingizwa ile, na baada ya wiki mbili gari litaruka. Fedha nayo ilikuwapo. Ilikuwa katika chama cha akiba na mikopo, ikingojea kununua mabati ya nyumba kijijini.

Kwa watu wasioishi kambini, mabati ni mabati tu. Kwa mke wa askari ni jambo jingine kabisa. Chumba cha kambini ni cha kazi, si cha familia. Askari akistaafu, akihamishwa au akifariki, ufunguo hurudishwa. Mke wa konstebo alikuwa ameona zaidi ya mara moja majirani wakipandisha magodoro juu ya lori bila kujua yatashushwa wapi. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba Watoto, injini hiyo ikishaingia, sisi tutalala ndani yake siku utakapoambiwa uondoke?" Kisha akapeleka habari kwa mjomba wake, sajini mstaafu aliyeishi zaidi ya miaka ishirini katika karakana za jeshi.

Mzee hakuja kukataza. Watu wa karakana hawapendi kukataza, hupenda kuuliza. Alizunguka gari mara moja, akafungua boneti, akauliza: "Mwanangu, hiyo iliyomo imekufa kwa ugonjwa gani?"

"Haijafa, mjomba. Haina nguvu."

"Nani aliyeipima?"

Hapakuwa na aliyeipima. Na hapo ndipo wengi wanaoanza hujikwaa, kwa sababu gari likichoka hushutumiwa injini, kana kwamba viungo vingine vyote ni mashahidi tu. Gari lenye zaidi ya miaka thelathini laweza kupungukiwa nguvu kwa plagi zilizochakaa, kwa nyaya zake, kwa chujio la hewa lililojaa vumbi, kwa bomba la moshi lililoziba, au kwa klachi inayoteleza. Aidha, Mazda hizo za mwanzo zina ugonjwa wao maalumu. Ncha ya mbele ya krenki yao ilikuwa fupi. Boliti yake ikilegea, puli hucheza, kijichuma kinachoishikilia hula nafasi yake, na majira ya injini huharibika polepole huku mwenye gari akidhani ni uzee. Katika mwaka 1991 kiwanda kiliirefusha ncha hiyo. Mwenye gari la kabla ya hapo hana budi kuiangalia kwanza, kabla ya kwenda sokoni na fedha mfukoni.

Lakini konstebo alikuwa na hoja yake, na haikuwa hoja ya kipumbavu. Alikuwa amesoma kwamba mwaka 1962 Mmarekani Carroll Shelby alichukua gari dogo la Kiingereza lililoitwa AC Ace, akalitia injini ya Ford ya silinda nane, likazaliwa Cobra, gari ambalo sifa zake hazijafifia hadi leo. Alikuwa amesoma pia kwamba huko Marekani wapo watu wanaoingiza injini za silinda nane katika MX-5 kama yake. Ikiwa wao huingiza nane, yeye atashindwaje na nne badala ya nne?

Hadithi ya Cobra husimuliwa sana kwa kuwa ni tamu. Ifaayo zaidi kwa anayeanza ni ya ndugu yake, Sunbeam Tiger. Sunbeam Alpine lilikuwa gari dogo la viti viwili la Kiingereza, la silinda nne. Mwaka 1963 wenye kiwanda walimpa Shelby huyo huyo kazi ya kutengeneza mfano wenye injini ya Ford ya lita 4.2, na mwaka 1964 gari likaanza kuuzwa likiwa na nguvu za farasi 164, karibu maradufu ya zile za zamani. Injini iliingia, ndiyo. Lakini iliingia kama mtu mnene anavyoingia katika basi lililojaa. Usukani wa zamani ulikaa njiani, ukaondolewa na kuwekwa wa aina nyingine. Ekseli ya nyuma ikabadilishwa kwa iliyo imara zaidi. Betri ikahamia kwenye buti. Ukuta unaotenganisha injini na abiria uligongwa kwa nyundo kubwa ili kupata nafasi, ingawa bodi ilikuwa imekwisha kupakwa rangi. Plagi moja ya nyuma haikufikika kutoka mbele kabisa. Fundi alilazimika kuingia ndani ya gari, kuondoa kizibo cha mpira, na kuifungulia katika tundu hilo. Juu ya hayo yote wenye magari hayo walilalamikia joto la injini.

Hao walikuwa wahandisi wa kiwanda, wenye michoro na mashine. Hata baada ya kazi yote hiyo, kampuni ya Chrysler ilipolitwaa kundi la viwanda hivyo ilitaka kutumia injini yake yenyewe ya silinda nane, ikashindwa: distributa ya Ford ilikuwa mbele, ya Chrysler ilikuwa nyuma, na nyuma hapakuwa na nafasi hata ya kiganja. Utengenezaji wa Tiger ulikoma mwaka 1967. Distributa ni chombo kinachobebwa kwa mkono mmoja.

Mzee alipomrudisha konstebo kwenye gari lake, alimwonyesha kwamba Mazda wenyewe walikwisha kufanya kile anachotaka kukifanya. Mwaka 1993 waliiondoa injini ya 1,600 katika gari lililouzwa Japani, wakatia ya 1,800. Nguvu zilipanda kutoka farasi 120 hadi 130. Ni farasi kumi tu, msomaji, ingawa mvuto wa injini uliongezeka pia. Na kwa ajili ya farasi hao kumi kiwanda kilikuza diski za breki, kikatia difu kubwa zaidi, na kuongeza vyuma vya kukaza bodi. Mwenye kiwanda hatumii chuma bila sababu, maana kila kilo ni fedha yake. Ikiwa yeye aliona haja hiyo, mwanafunzi anayebadilisha injini peke yake na kuacha breki na difu za zamani anapaswa kueleza amegundua nini ambacho Wajapani hawakukijua.

Tena injini ya Familia, ingawa ni ya ukoo mmoja na ile ya 1,800, haikukaa katika Familia kama inavyokaa katika MX-5. Kule imelazwa kwa upana wa gari na inasukuma magurudumu ya mbele. Huku imelala kwa urefu na inasukuma ya nyuma. Kwa hiyo sampu ya oili haifanani. Maji kule hutokea upande mmoja wa kichwa cha injini, huku hutokea upande wa mbele kuelekea rejeta. Tena gari la 1,600 hupima hewa kwa mlango mdogo unaosukumwa na upepo, na lile la 1,800 kwa waya wenye joto, na kompyuta ya mmoja haifahamu lugha ya mwenziwe. Vyote hivyo vina dawa, na mafundi stadi wa Kampala wanaijua. Lakini kila dawa ina bei yake, nayo hujulikana wakati gari limekwisha kufunguliwa na haliwezi kurudi nyuma. Wiki mbili hugeuka miezi minane; kuku hutaga chini ya boneti.

Lipo pia suala la karatasi. Kadi ya gari huandikwa namba ya injini, na injini ikibadilika namba nayo hubadilika, wala haitoshi kumwambia mkaguzi kwamba ilinunuliwa kwa mtu mwema. Askari polisi kukutwa na injini isiyojulikana ilikotoka ni mzaha ambao kambi nzima ingeusimulia kwa miaka. Hapo konstebo alicheka mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata walipima. Mbano wa silinda tatu ulikaribiana, na ya nne ilipungua kidogo tu. Injini ilikuwa imezeeka, haikuwa imefika kaburini. Ncha ya krenki ilionekana salama. Plagi mbili zilikuwa zimekwisha. Kwa taa ya majira, cheche ambayo hupaswa kutoka nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu ilikutwa imechelewa sana. Bila shaka aliyebadilisha mkanda alisahihisha kwa sikio. Kisha mzee akainua gurudumu la mbele la kushoto kwa jeki na kumwambia konstebo alizungushe kwa mkono. Halikuzunguka. Kalipa ya breki ilikuwa imekamata, nayo imekuwa ikikamata kwa muda, kwani diski ilikuwa imegeuka rangi ya samawati kwa moto.

Yaani gari lilikuwa likipanda milima ya Kampala huku limefungwa breki. Mke wa konstebo, aliyekuwa amesimama kando na mtoto mgongoni, hakuuliza juu ya nguvu. Aliuliza ni mara ngapi mumewe amekwenda Entebbe na kurudi kwa breki hiyo. Hakujibiwa.

Kalipa ilitengenezwa kwa mipira mipya, plagi zikabadilishwa, majira yakasahihishwa, na fedha ya mabati haikuguswa. Lakini mtu asidhani tamaa iliondoka na moshi wa bomba. Tamaa ya namna hii si dhambi; wengi wa mafundi wazuri walianza nayo. Mzee alilijua hilo, ndiyo maana alimwekea konstebo sharti badala ya katazo. Aitoe injini hiyo hiyo ya 1,600 kwa mikono yake, akiipiga picha kila waya kwa simu na kuufunga karatasi yenye jina lake. Aisafishe, abadilishe mipira inayovuja, kisha airudishe mahali pake. "Ikiwaka," alisema, "na boliti zisibaki katika bakuli, njoo tuzungumze juu ya nyingine." Kuhusu gari lenyewe alimkumbusha kwamba tangu sheria ya barabara iliporekebishwa mwaka 2018, Uganda hairuhusu tena kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, na kwamba akiliharibu hilo hatapata la miaka ile bandarini.

Mabati yalinunuliwa mwezi wa Agosti. Konstebo naye alinunua winchi ya kukodi kwa siku mbili, yaani aliilipia siku mbili akakaa nayo tano, na injini ikatoka siku ya tatu. Sasa iko juu ya meza ya mbao nyuma ya nyumba ya mjomba, imefunikwa turubai. Boliti ziko katika makopo ya maziwa yaliyoandikwa kwa mwandiko wa mkewe, ambao unasomeka zaidi kuliko wake. Injini ya Familia ilikwisha kuuzwa kwa mwenye Familia.