Yakini na Yumkini

Msomaji, yako maneno mawili yenye asili ya Kiarabu ambayo sikioni hufanana kama ndugu, walakini hayana udugu: yakini na yumkini. La kwanza ni la jambo lisiloingiwa na shaka. La pili ni la jambo liwezalo kuwa au lisiwe. Mwenye kuyachanganya aweza kumdhuru mwenziwe pasipo kumgusa.

Katika sarufi umefundishwa sentensi yakinishi na sentensi kanushi. Usidanganyike na majina hayo. "Kesho mvua itanyesha" ni yakinishi, wala hapana aijuaye kesho. "Jua halitui mashariki" ni kanushi, na yakini yake ni kamili. Sarufi hutazama umbo la kitenzi tu. Haimwulizi msemaji amejuaje.

Nilipata kuhudhuria baraza la wazee ambako kijana mmoja alishtakiwa kwa wizi wa mbuzi. Shahidi, mtu mwema asiyekuwa na uadui naye, alisema, "Ni yeye, nina yakini." Mzee mmoja, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akamwuliza: Ilikuwa wakati gani? Magharibi, giza likiingia. Ulisimama wapi? Ng'ambo ya mto. Uso wake uliuona? Shahidi akanyamaza kitambo, kisha akajibu kwamba aliliona koti. Makoti ya namna ile yaliuzwa sokoni kila juma. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa moja. Kijana akaachiliwa.

Mwaka 1953 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya kwamba ushahidi wa mtu mmoja aliyemtambua mshtakiwa katika hali ngumu sharti upimwe kwa uangalifu mkubwa, na mahakama za Kenya zingali zikiutaja uamuzi huo. Sababu si kwamba mashahidi ni waongo. Mwongo aghalabu hujikanganya, akanaswa. Mtu mkweli aliyekosea, hasha! Husema kwa sauti ile ile ya ajuaye, na macho yake hayapepesi, kwa kuwa anaamini asemalo. Kwa hiyo uthabiti wa sauti si kipimo cha yakini.

Wala sheria haidai yakini kama ile ya jua, maana haipatikani katika mambo ya wanadamu. Hudai kosa lithibitike pasipo shaka ya maana. Shaka hiyo ikibaki, faida yake humwendea mshtakiwa. Mwenye mbuzi hakuipenda hukumu ile, na mbuzi wake hakuonekana tena.