Mnaona Rangi, Kazi Iko kwa Waya

Wasee, kila nikiposti zile matatu zangu ndogo za kadibodi, mnauliza tu rangi nimetoa wapi. Hakuna anayeuliza kuhusu waya.

Gari lenye urefu wa kiganja haliwezi kubeba waya ya kawaida. Kwa taa za LED mimi hutumia waya ya shaba ya milimita 0.1, karibu wembamba wa unywele. Ukiiangalia utaapa iko uchi, kumbe imepakwa vanishi inayozuia umeme. Hiyo vanishi isipotoka, solda haishiki, taa haiwaki.

Wengi hukimbilia wembe. Wembe hukwaruza hadi shaba yenyewe, halafu waya inakuja kukatika ndani ya bodi ushaifunga na gundi. Meno? Tafadhali. Mimi hupasha chuma cha kusolda hadi kama digrii 390, nayeyusha tone la solda kwenye kichwa chake, nazamisha ncha ya waya humo sekunde mbili tatu. Vanishi inaungua, shaba inageuka rangi ya fedha. Tamu sana kuona. Lakini fungua dirisha, ule moshi si wa kuvuta. Kuna vanishi zingine sugu hazisikii moto huo. Hapo ni msasa laini, pole pole.

Mathe bado huuliza nitaacha lini hii michezo ya watoto nirudi kampasi. Sijamjibu. Kuna mteja wa Rongai anataka yake Ijumaa, taa 12, kila taa waya mbili, kila waya ncha mbili. Hesabu mwenyewe. Nimefika ncha ya 9.