Mwenye Kigugumizi Mbele ya Wasaili

Swali linalomtesa mwenye kigugumizi katika usaili wa kuingia chuoni si lile la mwisho lenye mtego. Ni la kwanza kabisa: "Jina lako nani?" Neno jingine gumu waweza kulikwepa ukatafuta lenye maana kama hiyo, jina lako halina badala. Hapo msailiwa hukwama, midomo imefumbana, na wasaili hutazamana kana kwamba kijana huyu hata jina lake halijui.

Nayasema haya kwa kuwa kigugumizi ninacho mwenyewe. Nilikulia Malampaka, wilayani Maswa, mji wa pamba wenye stesheni katika reli iendayo Mwanza. Utotoni niliuza mayai ya kuchemsha pale stesheni. Garimoshi halimngoji mtu, na abiria aliye dirishani hana subira. Lakini kutaja bei hakukunishinda hata siku moja, kwa sababu bei tuliinadi kwa kuimba. Wataalamu wa usemi wanaeleza kuwa wengi wenye kigugumizi hawakwami waimbapo, wala wasomapo kwa sauti moja na wenzao.

Ulimi, basi, haukuwa na kasoro. Bibi yangu hakusadiki. Alishauri nikatwe kile kijinyama kilicho chini ya ulimi. Mama alikataa, nami namshukuru hadi leo, maana ukataji huo hauondoi kigugumizi. Chanzo chake kimo zaidi katika jinsi ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja. Si upungufu wa akili. Inakadiriwa kuwa mtu mzima mmoja katika kila 100 anacho. Hata Mfalme George wa Sita wa Uingereza, ambaye sura yake wazee wetu waliizoea kwenye shilingi za Afrika Mashariki, alikuwa nacho, na alianza mafunzo kwa Lionel Logue mwaka 1926, kabla hajatawazwa.

Usaili wangu wa kwanza, katika chuo nisichokitaja, ulikwisha upesi. Msaili mmoja alinimalizia kila sentensi, na mara mbili aliimalizia kwa jibu nisilolikusudia. Jibu lake ndilo lililoandikwa. Sikuchaguliwa.

Katika chuo cha pili nilitanguliza maneno aliyonifundisha mwalimu wangu wa sekondari: "Nina kigugumizi. Nitakwama mara kwa mara. Naomba mnisubiri, majibu ninayo." Naam, hata hayo niliyasema kwa kukwama! Hata hivyo mwenyekiti wa jopo aliweka kalamu mezani, akasubiri. Tangu hapo sikuwa na kitu cha kuficha, na kule kuficha ndiko kulikokuwa kukinimaliza nguvu. Niliyaanza maneno taratibu, na neno lilipogoma sikulisukuma. Nilinyamaza kidogo, nikalianza upya.

Nanyi mnaokaa upande wa pili wa meza, msimwambie kijana huyo "tulia" au "usiogope". Maneno hayo humkaza zaidi. Mtazameni usoni kama mnavyowatazama wenzake, msimmalizie neno, na kama kila msailiwa amepangiwa dakika kumi, huyu mwongezeeni tano.