Kumtafsiri Paa

Mimi sijawahi kushika bunduki. Naishi Dagoretti Corner, pale Barabara ya Naivasha inapokutana na ile ya Ngong, ghorofa ya tatu juu ya mafundi wa samani, na mlio mkubwa niliouzoea ni wa randa za umeme na honi za matatu. Hata hivyo, mwaka jana nilitumia majuma matano nikiandika, kwa Kiswahili sanifu kadiri ya uwezo wangu, namna ya kuchagua bunduki ndogo na risasi za kumwindia mnyama mwenye uzito wa kuku wawili watatu.

Kazi hiyo ilitoka kwa kampuni moja ya uwindaji iliyoko Tanzania, ambako uwindaji wa leseni unaruhusiwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Huku kwetu Kenya serikali iliupiga marufuku mwezi Mei mwaka 1977, na sheria yetu ya mwaka 2013 humhesabu kuwa mkosaji hata yule awindaye kwa ajili ya sufuria yake tu. Nilikuwa nadaiwa karo ya muhula na kodi ya miezi miwili. Sikujiuliza maswali mengi.

Tatizo la kwanza lilikuwa mnyama mwenyewe. Matini asilia yaliandikwa na Mwingereza, naye alikuwa akiwazungumzia wale wanyama wa misitu ya Ulaya ambao wafasiri wetu aghalabu huwaita kulungu au paa. Ilhali kusini mwa Sahara hakuna mnyama wa asili hata mmoja wa ukoo ule. Madume yao hudondosha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Paa wetu huzikwa na pembe alizoota tangu ujana. Huku bara tuna digidigi, nsya na funo. Unguja wanaye paa nunga, ambaye sasa ni adimu mno. Sisi wa fasihi tunamjua paa wa kisa cha Sultani Darai, kile alichokichapisha Steere mwaka 1870, paa aliyemtajirisha maskini kisha akafa kwa kutotunzwa. Niliwahi kusoma makala kuhusu paa huyo mbele ya semina nzima, nikamwita ishara, nikamwita sitiari. Hakuna aliyeniuliza ana kilo ngapi. (Digidigi ana kilo tatu hadi sita.)

Tatizo la pili lilikuwa bunduki. Nilipoandika "kasiba" nilijiona msomi kwelikweli. Basi ikatokea kwamba Babu, mzaa baba, alikuja kutoka Kibwezi kutibiwa macho, akalala kitandani pangu nami nikalala sakafuni. Usiku wa pili nilimsomea ukurasa mmoja. Alisikiliza, akauliza, "Kasiba ni nini, mjukuu wangu?" Nikamweleza. Akasema, "Ala! Mtutu." Nikafuta.

Nilijua kwamba Babu aliwahi kufanya kazi na wawindaji. Sikujua kwamba alikuwa mfuata nyayo kwa miaka kumi na mmoja, wala kwamba angeweza kunieleza mambo ambayo kitabu kile kiliyapitia juu juu. Kitabu kilisema kuwa risasi ya .22 Long Rifle, yenye uzito wa takribani gramu 2.6 na mwendo unaokaribia ule wa sauti, yafaa kwa wanyama wadogo walio karibu, tuseme mita hamsini, na kwamba baada ya mita mia moja huwa imeshuka sana. Babu hakujua gramu. Alichojua ni kwamba mgeni mmoja, mwaka 1974, alimpiga nsya kwa bunduki ya namna hiyo kutoka hatua tisini, risasi ikaingia tumboni. "Mnyama mdogo hana damu ya kukuonyesha njia," akasema. Tundu la risasi ndogo huzibwa na manyoya; damu humwagikia ndani. Walimfuata mpaka giza likaingia. Asubuhi walikuta fisi wamewatangulia.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba udogo wa bunduki si jambo moja, bali ni mawili yanayovutana. Risasi ya .22 Hornet, iliyoingia madukani miaka ya 1930, ina kipenyo kinachokaribia kile cha ile ya kwanza, lakini ganda lake ni refu na baruti yake ni nyingi, hata ikaenda zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Ile ya .223 hupita mita 900. Kwa mwendo huo risasi yenye ncha laini humpasukia digidigi mwilini, ikaacha ngozi iliyoraruka na nyama isiyopikika. Babu alinieleza kichekesho cha kambini kwao: mgeni aliyekuja na bunduki moja kubwa ya .375, ile ya nyati, akitumia risasi ngumu isiyofunguka, aliwaletea wapishi digidigi mwenye tundu moja safi, ilhali mwenzake mwenye kibunduki cha kisasa aliwaletea matambara.

Nilipitia tena matini. Mwingereza yule alikuwa amesisitiza ncha laini tu, wala hakukosea kwa huko kwao: tangu mwaka 2007 sheria ya Uingereza inaruhusu bunduki za kipenyo cha .22 kwa muntjac, mnyama mdogo aliyetoka Asia, mradi risasi iwe na nguvu ya kutosha na iwe yenye kufunguka. Lakini muntjac huzidi digidigi mara mbili au tatu kwa uzito. Nikaomba ruhusa ya kuongeza aya, nikapewa. Nikamtaja pia Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki yenye kipenyo cha milimita 7 tu, kwa kuwa alijua ubongo na moyo vilipo. Babu hakufurahia mfano huo. "Elfu moja," akarudia, kisha akanyamaza.

Usiku wa mwisho ndipo aliponisimulia yaliyobaki. Kampuni aliyoifanyia kazi ilifungwa marufuku ilipotangazwa. Alirudi Kibwezi na koti moja la kaki. Mwaka wa njaa, 1984, alitega kitanzi cha waya, akanasa digidigi mmoja, akakamatwa naye begani. Alifungwa. Baba yangu, aliyekuwa darasa la saba, aliacha shule akaenda kuchoma makaa. Nilikuwa nimeambiwa kwamba Baba aliacha shule kwa kukosa karo, na jambo hilo ni kweli pia.

Nilimuuliza kama nimefanya vibaya kuikubali kazi ile. Hakujibu swali langu. Alisema kwamba katika kurasa zote nilizomsomea hakusikia mahali panapomwambia mtu asubiri: akishapiga, asimkimbilie mnyama, amwache alale, na akikosea, asirudi kambini kula kabla hajamtafuta. Nikaandika kurasa mbili juu ya hilo, yeye akisema nami nikisawazisha sarufi, ingawa vitenzi vyake vingi havikuhitaji msaada wangu.

Kampuni ilizikata kurasa hizo. Ni ndefu, walisema, na zinawatia wateja simanzi. Ndugu msomaji, mimi si mtu wa kugombana na anayenilipa, lakini nilikataa kuwapelekea nakala ya mwisho. Siku tisa simu haikuita, na mwenye nyumba aligonga mlango mara mbili. Hatimaye tulikubaliana juu ya aya moja, nao wakapunguza malipo kwa kisingizio cha kuchelewa.

Babu alikuwa amekwisha kurudi Kibwezi. Alinipigia simu kuuliza habari za masomo, kisha, kama mtu aliyekumbuka tu, akauliza kama pale pa kusubiri pamebaki.

"Pamebaki, Babu," nikamwambia. "Aya moja."

"Nisomee," akasema.