Trekta la Baba Mkwe

Akina mama wenzangu, huenda mtashangaa kuona ukurasa huu unazungumzia trekta, kitu ambacho wengi wetu tumezoea kuwaachia wanaume. Lakini katika nyumba niliyoolewa, huku Minnesota, Marekani, kazi ya kuliandaa trekta kabla ya majira ya baridi imenifikia mimi. Mume wangu hufanya kazi mjini na hurudi giza limekwisha kuingia. Baba mkwe, mwenye trekta, ana miaka 84, na mikono yake haina tena nguvu ya kukaza nati.

Sisi tuliotoka Rungwe hudhani tunaijua baridi. Baridi ya kwetu hutaka sweta na moto jikoni, basi. Huku, mwezi wa Januari, usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na yakigandia ndani ya injini huweza kuipasua kama chupa. Trekta letu ni Ford 8N la petroli, aina iliyotengenezwa kati ya 1947 na 1952. Hili ni la 1950. Lilikuwa la baba yake, na juu yake ndipo alipojifunza kuendesha akiwa mtoto.

Sasa fikirini. Kwetu Unyakyusa, mkamwana wa zamani hakukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimsikia anakuja, alijificha, wala jina lake hakulitamka. Bibi yangu aliishi hivyo. Mimi nalala chali chini ya trekta, na baba mkwe ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akinimulikia tochi. Mwaka wa kwanza nilishindwa hata kumtazama. Bibi angeniona, sijui angesema nini!

Huanza na oili, injini ikiwa bado ya moto, kwa sababu oili ya moto hutoka pamoja na uchafu wake. Oili iliyokwisha kutumika ina unyevu na asidi. Ukiiacha humo miezi mitano, itakula chuma. Kisha rejeta: nusu maji na nusu dawa ya kuzuia kuganda, mchanganyiko unaovumilia hadi kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Hapo Baba hana mzaha. Hutaka nipime mbele ya macho yake.

Petroli ndiyo tunayobishania. Petroli ya huku kwa kawaida huchanganywa na pombe inayotokana na mahindi, hadi asilimia 10, nayo huvuta unyevu. Petroli ikikaa muda mrefu huharibika na kuacha utando kama gundi ndani ya kabureta. Wengine hujaza tangi pomoni na kutia dawa ya kuihifadhi. Wengine humwaga yote. Mimi naona kujaza ni bora, maana tangi tupu hupata kutu. Baba ni wa kumwaga. Trekta ni lake, basi tunaikinga yote kwenye madumu, nje, mbali na moto. Kabla ya hapo hufunga koki iliyo chini ya tangi na kuiacha injini ingurume mpaka izimike yenyewe, ili kabureta ibaki kavu.

Plagi zote nne hutoka, kila tundu linapata kijiko cha chai cha oili, injini inazungushwa kidogo, plagi zinarudi. Pedali ya klachi huikandamiza kwa kipande cha mti ili sahani zake zisigandane kwa kutu. Betri yake ya volti 6 huiweka ndani ya nyumba ikiwa na chaji, kwani isiyo na chaji huganda upesi. Halafu kuna panya, ambao hujenga viota popote. Mdomo wa ekzosi nauziba kwa waya wa kusugulia masufuria, na kwenye usukani nafunga kitambaa chekundu, ili mtu asije akaliwasha bila kuuondoa.

Mume wangu alitaka tuliuze. Nilimwomba asubiri. Baba siku hizi husahau. Jina langu humpotea, na kuna asubuhi huniita kwa jina la marehemu dada yake. Lakini akiketi juu ya ile ndoo, anajua ipi spana ya nati ipi, na hunisahihisha kabla sijaigusa. Mwaka jana alinisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akilima kwa trekta hilo hilo baba yake alipougua. Hata mume wangu hakuwahi kuisikia habari hiyo.

Oktoba hii, tulipofunga mlango wa banda, aliniuliza kama nimefunga koki. Tulipofika jikoni akauliza tena, na tena wakati wa chakula cha jioni. Mara zote tatu nilimjibu, "Nimeifunga, Baba."